Wapagazi wa Kariakoo Wasisahauliwe

Majuzi tulikwenda Unguja pamoja na kundi la wafanyakazi wenzetu waliopata mapumziko ya siku mbili. Tulipanda boti asubuhi hapa bandarini, na baada ya muda wa saa mbili hivi tulikuwa tumekwisha kushuka Malindi. Wenzetu wengine walikwenda pwani kuoga, nasi hatuwalaumu, maana mtu aliyefanya kazi mwaka mzima anayo haki ya kupumzika. Sisi wachache tulipendelea kutazama mambo ya kale, hasa ya vita na ya reli, kwa kuwa miongoni mwetu walikuwamo ndugu wawili wafanyao kazi katika karakana ya reli.

Hatukujuta. Tulisimama katika Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwashinda Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Tulionyeshwa Forodhani, mahali ambapo tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga kwa mizinga jumba la Sultani kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Tena tulinyooshewa mkono upande wa kisiwa cha Chapwani, penye makaburi ya mabaharia wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus, ambayo ilipigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg mbele ya mji wa Unguja tarehe 20 Septemba 1914.

Na reli je? Yamkini wasomaji wetu wengi hawana habari kwamba Unguja ilipata kuwa na gari la moshi. Reli hiyo, ambayo urefu wake ulikuwa maili 7 hivi, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikafunguliwa mwaka 1905, ikatoka mjini karibu na Ngome hadi kijiji cha Bububu. Ngome yenyewe ilitumiwa kuwa bohari ya vifaa vya ujenzi wake. Ilipofika miaka ya 1920 reli ile ikafungwa, na leo mgeni hawezi kuitambua njia yake pasipo mwenyeji wa kumwonyesha. Wapo wasemao kuwa jina Bububu lilitokana na mlio wa gari la moshi, na wapo washikiliao kuwa ni mlio wa chemchemi za maji. Shauri hilo tuliwaachia wenyewe.

Mzee aliyetutembeza, mtu mpole mwenye kofia ya vito na bakora mkononi, alipomaliza kutuonyesha mambo yake alituketisha kivulini akatuuliza swali.

"Wanangu, nyinyi mwatoka Dar es Salaam. Reli yangu mimi imekufa, yenu yenda mpaka leo. Na vita vile vya Wazungu vilipita mlangoni kwenu. Basi hebu niambieni, hiyo Kariakoo yenu maana yake ni nini?"

Mmoja wetu, mzaliwa wa Kariakoo hasa, alijibu upesi, "Ni soko, mzee wetu."

Mzee akacheka. "Soko ni soko, mwanangu. Mimi nimeuliza jina."

Twakiri mbele ya wasomaji kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kumjibu kwa ukamilifu. Tulikuwa tumelipa nauli kuvuka bahari ili kwenda kusoma habari za watu wengine, na za kwetu hatukuzijua. Tulirudi na deni, nasi tumeona yafaa tulilipe hapa gazetini, kwa sababu twaamini kwamba deni hilo si letu peke yetu.

RELI YA KATI

Jumapili iliyofuata tulikutana saa moja ya asubuhi mbele ya stesheni ya zamani ya Reli ya Kati, kabla mji haujajaa watu. Ujenzi wa reli ile ulianzia hapa Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule vilipozuka Vita vya Majimaji kusini mwa nchi. Kazi ilishikwa na kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt, Ujerumani. Mwishoni mwa mwaka 1907 reli ilifika Morogoro, mwaka 1912 ikafika Tabora, na mapema mwaka 1914 ikafika Kigoma, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka baharini hadi ziwani. Wahandisi walikuwa Wazungu, na majina yao yamo vitabuni. Waliofyeka pori, waliopasua mawe na kulaza mataruma walikuwa Waafrika kwa maelfu, Wanyamwezi wakiwa wengi miongoni mwao, na majina yao ni ya kutafutwa.

Hatua chache kutoka pale imesimama stesheni mpya, ambayo treni zake za umeme zilianza kuchukua abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi Julai mwaka huo huo. Sisi twaifurahia kazi hiyo. Lakini anayekwea treni mpya na ajue pia habari za ile ya zamani, kwa kuwa njia ni moja na jasho ni la watu wale wale.

Miezi sita tu baada ya reli kufika Kigoma, vita vikazuka Ulaya na moto wake ukaruka mpaka huku. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza iliupiga kwa mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Tangu siku hiyo reli iliacha kuwa njia ya biashara, ikawa mshipa wa vita. Meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg huko Ujerumani, ililetwa hapa bandarini vipande vipande, ikapakiwa katika mabehewa, ikaenda kuunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Meli hiyo ndiyo Liemba, ambayo watu wa Ziwa Tanganyika waijua vema. Nayo Königsberg, iliyojificha katika midomo ya mto Rufiji, ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa majini, ikavutwa na mamia ya watu mpaka Dar es Salaam, ikatengenezwa katika karakana za hapa ili ipate kutumika nchi kavu.

Ndugu zetu wa karakana walinyamaza kidogo waliposikia habari hii. Kisha mmoja wao akasema kwamba kuvuta mzinga wa manowari katika mchanga wa Rufiji pasipo winchi ni kazi ya kuvunja mtu mgongo. Yeye ajua, kwa maana vyuma ndiyo kazi yake.

SANAMU YA ASKARI

Kutoka stesheni tulifuata Barabara ya Samora mpaka kwenye Sanamu ya Askari. Kila mkaaji wa mji huu aijua. Mabasi huizunguka, wapenzi huahidiana kukutana hapo, na mgeni akipotea huelekezwa kwa kutajiwa sanamu hiyo. Lakini ni wangapi waliopata kuvuka barabara na kuisoma?

Ilisimamishwa mwaka 1927. Ni ya shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, nayo yamwonyesha askari wa Keya, bunduki yake imetiwa singe, naye ameinama kuelekea bandarini kama mtu akabiliye adui. Zamani za Wajerumani mji huu ulikuwa na sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, yule mkuu wa jeshi aliyeletwa mwaka 1889 kupigana na Abushiri bin Salim na watu wa pwani. Waingereza waliiondoa, mwishowe ikasimamishwa Hamburg, na huko wanafunzi wa Kijerumani wenyewe waliiangusha mwaka 1968. Basi tazameni, ndugu zetu, jinsi sanamu zinavyokwenda na kurudi kwa kadiri ya wenye nguvu.

Chini ya askari yule mna maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yale ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Yawataja askari waliopigana, kisha yawataja wapagazi, yakiwafananisha na miguu na mikono ya jeshi. Tuliyasoma mara mbili. Halafu tukainua macho kumtafuta huyo mpagazi, tusimwone. Huko Nairobi, katika sanamu za mchongaji huyo huyo, mpagazi yumo pamoja na askari. Hapa kwetu askari amesimama peke yake, na mpagazi amebaki katika maneno. Wala katika maandishi yote hakuna jina la mtu hata mmoja, si la askari wala la mpagazi.

Hatusemi kwamba askari yule hakustahili sanamu. Naye alikuwa mwana wa mtu, na wengi wa aina yake walikufa upande huu na upande ule, ndugu akimpiga ndugu kwa amri ya wageni. Twasema tu kwamba aliyebeba chakula chake na risasi zake alistahili vile vile.

KARIAKOO

Tulivuka uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao wakati wa ukoloni uliachwa wazi kwa makusudi, ili Uzunguni na Uhindini vitengwe na mji wa Waafrika. Mbele yake ndiyo Kariakoo.

Majeshi ya Waingereza yaliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Hapo lilipo soko Wajerumani walikuwa wamekwisha kusimamisha jengo kabla ya vita. Waingereza wakapafanya kambi ya kikosi chao cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wa mji hawakuwa na haja na matamshi ya Kiingereza, wakasema Kariakoo. Vita vilipokwisha kambi ikavunjwa, jengo likafanywa soko mapema katika miaka ya 1920, na jina likabaki. Nairobi nako kuna mtaa uliopata jina lake kwa njia hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 likajengwa soko kubwa la sasa, kwa ramani ya msanifu wetu Beda Amuli. Tarehe 10 Julai 2021 moto ukaliunguza. Majengo huungua na majengo huvunjwa, lakini jina halikuungua.

Basi hilo ndilo jibu la swali la mzee wa Unguja. Kariakoo maana yake ni kikosi cha wapagazi.

Kwa nini walihitajiwa wapagazi wengi namna ile? Jibu lake latokana na ile reli tuliyoanza nayo. Reli ilikwenda mashariki na magharibi tu. Wajerumani waliporudi nyuma walivunja madaraja yake mengi, kisha wakaelekea kusini, Rufiji, Mahenge, Lindi, mpaka Msumbiji. Huko reli haikuwapo, magari yalikuwa machache na yalizama matopeni, na ng'ombe, punda na farasi waliuawa na mbung'o. Hakikubaki chombo cha kuchukulia mizigo ila kichwa cha mwanadamu.

Na tufanye hesabu, kama mfanyakazi afanyavyo hesabu ya mshahara wake. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa ratili 50 hivi. Tuseme ni unga, na tuseme yeye mwenyewe akila ratili 2 kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, amekula ratili 40. Zilizobaki kwa ajili ya askari ni ratili 10 tu. Njia ikizidi kuwa ndefu kwa siku mbili na nusu kwenda na mbili na nusu kurudi, hakuna kitakachofika. Kwa hiyo, kila jeshi liliposogea mbele, palihitajiwa wapagazi wengine wa kuwabebea wapagazi, na chakula cha mpagazi kikapunguzwa ili cha askari kitimie.

Wanahistoria wakadiria kuwa Waingereza na wenzao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, na kwamba waliokufa wakaribia laki moja. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, ambao wengi walichukuliwa vijijini kwa nguvu. Walio wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Watu waliozoea ndizi au wali walipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, matumbo yakaharibika. Mwanzoni mwa mwaka 1917 mvua zilinyesha kupita kiasi, Rufiji ikafurika, na watu wakalala majini wakiwa na mizigo yao.

Na ujira wao? Ulikuwa rupia chache kwa mwezi. Maelfu walikufa kabla ya kulipwa, na kwa kuwa majina yao na ya vijiji vyao hayakuandikwa sawasawa, jamaa zao hawakupatikana. Katika nchi jirani ya Kenya walikuwako maofisa walioomba fedha hizo za wafu zitumiwe kwa manufaa ya watu waliotoa wapagazi. Serikali ya London ilikataa. Mfanyakazi asomaye gazeti hili hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Mtu amefanya kazi, amefia kazini, na mshahara wake umebaki kwa mwajiri.

Tukiwa tumesimama karibu na soko tukizungumza hayo, kijana mmoja alikuja mbio amebeba robota la nguo kichwani, jasho lamtiririka. Mmoja wetu akamwuliza, "Kijana wetu, wajua maana ya jina Kariakoo?" Akajibu bila kusimama, "Wazee wangu, shikamooni, lakini nipisheni kwanza, mzigo mzito."

Tukampisha. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nasi kwa miaka zaidi ya mia moja tumeutazama mzigo wa wapagazi wale kama kanda la usufi.

LIPI LIFANYIKE

Wako watakaosema kwamba mambo hayo yamekwisha pita, wafu hawafufuki, na kazi za leo ni nyingi. Twawajibu kwamba wengine wameona vinginevyo. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wakiwa watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Mwezi Januari 2025 ikafunguliwa huko Cape Town kumbukumbu yenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika wa Afrika Kusini waliokufa katika vikosi vya kazi, ambao hawana makaburi yajulikanayo. Majina yale yalipatikana kwa sababu watu waliketi wakafungua makaratasi ya zamani wakatafuta. Kama yamepatikana kule, haifai sisi kukata tamaa kabla ya kuanza.

Kwa hiyo twatoa mashauri manne.

Kwanza, Kariakoo ni mahali pa kuwekwa jiwe la kumbukumbu, lenye maandishi ya Kiswahili fasaha yaelezayo mahali hapo palikuwa nini na jina lake latoka wapi. Liwekwe mahali ambapo mchukuzi mwenye robota kichwani aweza kulisoma, lisifichwe ndani ya ofisi.

Pili, walimu wa shule za Ilala na mji mzima wawachukue watoto katika safari hii tuliyoifanya sisi. Kutoka stesheni hadi Sanamu ya Askari, na kutoka hapo kupitia Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Hauhitaji nauli. Wahitaji mwalimu aliyejiandaa.

Tatu, wafanyakazi wa reli wasikubali vitu vya zamani vitupwe kwa kuwa tu vipya vimekuja. Stesheni kongwe, taa, kengele, daftari za kazi na picha za mafundi ni mali. Unguja waliipoteza reli yao, na leo wanaonyesha njia yake kwa bakora.

Nne, na hili ni la kila nyumba, waulizeni wazee. Wapagazi wale wamekwisha kufa wote, lakini wajukuu wao wako, na katika familia nyingi kuna habari ya babu aliyechukuliwa asirudi, au aliyerudi na kovu begani. Jina hilo liandikwe, na kijiji chake kiandikwe, na mwaka ukijulikana uandikwe. Karatasi moja ya daftari la mtoto yatosha.

Sisi tumekwisha kuanza. Yule mwenzetu mzaliwa wa Kariakoo, aliyesema kwamba Kariakoo ni soko, alikwenda kumwuliza shangazi yake jioni ile ile, akarudi na jina la mtu mmoja wa ukoo wao ambalo hakupata kulisikia tangu kuzaliwa kwake. Ameliandika. Mwakani, tukijaliwa, tutavuka tena kwenda Unguja, naye ndiye tutakayemtanguliza mbele ya mzee yule.